Muhogo, Seli na Nguvu katika Historia ya Ituri

Muhogo haukuwa zao la asili ya Ituri. Wareno waliuleta kutoka Brazili hadi pwani ya Kongo katika karne ya 16, nao ukasambaa barani polepole. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, na hasa baada ya serikali ya Wabelgiji kupitisha sheria ya kilimo cha lazima mwaka 1917, vijiji vilivyozunguka machimbo vilitakiwa kuwalisha vibarua. Muhogo ulifaa kwa kazi hiyo. Jani lake hunasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Sukari hugeuzwa wanga, na wanga huhifadhiwa mzizini kwa mwaka mmoja au zaidi. Ni ghala lililo chini ya ardhi, ambalo hata askari hawezi kulichoma moto kwa urahisi.

Lakini ghala hilo lina mlinzi. Muhogo mchungu hubeba linamarini, ambayo mzizi ukipondwa hutoa sianidi. Seli ya mlaji huchoma sukari kwa oksijeni ndani ya mitokondria, na nishati inayopatikana huwekwa katika ATP, kampaundi iliyotambuliwa na Karl Lohmann mwaka 1929. Sianidi hukamata kimeng'enya cha mwisho katika mfululizo huo. Oksijeni ipo, sukari ipo, ila seli haiwezi kuvitumia: mtu huweza kukosa nguvu kwa sababu ya chakula kilekile kilichokusudiwa kumpa nguvu.

Kuloweka kwa siku kadhaa na kuanika huiondoa sehemu kubwa ya sumu. Hapo ndipo historia inapoingia, kwa kuwa siku hizo ndizo njaa na vita hupunguza. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa kupooza miguu huko Kwango, ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Ukame wa mwaka 1981 ulileta wagonjwa zaidi ya 1,000 Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ikawa zamu ya Tarime, Tanzania. Waliokimbia Bunia na vijiji vyake katika vita vya 1999 hadi 2003 nao hawakuwa na siku za kungojea mapipa ya kulowekea.

Mwili hujikinga kwa kuunganisha sianidi na salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini. Kwa hiyo mlo wa muhogo mtupu ndio wa hatari zaidi. Katika msitu wa Ituri, Waefe waliwapelekea Walese nyama na asali, wakarudi na muhogo na ndizi. Waandishi wengi wameueleza uhusiano huo kama wa bwana na mtumishi, maelezo ambayo hayatoshi: mwindaji alipata wanga, na mkulima alipata salfa.