Mkonge wa Tanga: Nyuzi Zilizouzwa na Mali Iliyotupwa

Katika majimbo ya pwani ya Afrika Mashariki ni machache yaliyopokea rasilimali ya wageni kwa wingi na kwa muda mrefu kama Tanga. Kwa kadiri ya miaka sabini, tangu siku za Wadachi, yaani Wajerumani, hata miaka ya mwanzo ya uhuru, zao moja la mkonge lilivuta fedha kutoka Ulaya na Bara Hindi, likatandaza mashamba kutoka ufuoni hata chini ya milima ya Usambara, na likakusanya maelfu ya watu waliozaliwa mwendo wa siku nyingi mbali na bahari. Leo wito wa kuwekeza Tanga unasikika tena, na wenye mitaji husomewa sifa za bandari yake, rutuba ya ardhi yake na wepesi wa njia zake. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu mwenye busara, kabla hajatia fedha yake mahali, husoma kwanza hisabu ya waliomtangulia, na katika hisabu ya Tanga mna faida iliyoonekana na kila mtu, na mna mali kubwa zaidi iliyotupwa pasipo kuandikwa katika daftari lolote.

Nchi hii haikuwa tupu ikingoja tajiri wa kuigundua. Pangani ulikuwa mlango wa misafara iliyopeleka nguo na shanga bara na kurudi na pembe za ndovu, na kandokando ya mto wake yalikuwapo mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, huku tijara yote ikiendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi wenye maduka Unguja. Mwaka 1888, kampuni ya Wadachi ilipoanza kuitawala pwani kwa mkataba iliofanya na Sultani, watu wa Pangani hawakukubali kuuzwa pamoja na forodha yao. Wakainuka wakiongozwa na Bushiri bin Salim, na vita havikutulia hata Bushiri alipokamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu ardhi ambayo baadaye iliandikwa katika hati za mashamba kuwa milki ya kampuni ilikuwa imetwaliwa kwa bunduki kabla ya kupimwa kwa kamba.

Miaka michache tu baada ya vita hivyo, Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ile, alitafuta zao litakalovumilia ukame na udongo hafifu wa nyika. Aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa huko Yucatán, Meksiko, kwenye asili ya mmea huo, wenyewe hawakupenda kugawana utajiri wao na mtu. Miche ilivuka bahari mbili, ikapitia Hamburg, na ilipofika mwaka 1893 iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa karibu na Pangani, na kwa kuwa mkonge huzaa watoto shinani, na kabla ya kufa hutoa mlingoti mrefu uliojaa vitoto vingine, miche hiyo 62 ikawa mama wa mashamba yote yaliyofuata. Mwaka ule ule ilianza kujengwa reli kutoka Tanga; ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka huo huo chuo cha utafiti wa kilimo kilifunguliwa Amani, juu ya Usambara. Ulipofika mwaka 1913, nchi ilipeleka ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za nyuzi. Vita vya 1914 viliwaondoa Wadachi. Mashamba yao yalishikwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa Waingereza, Wayunani, Waswisi na Wahindi. Wenyewe walibadilika, lakini desturi ya kazi haikubadilika.

Desturi hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyobeba faida yote. Mkataji aliingia shambani alfajiri jua lisijawa kali. Aliinama kati ya safu za mkonge, akakata majani ya chini, jani moja baada ya jingine, akaondoa mwiba mweusi ulio nchani, kisha akayafunga majani 30 katika tita moja, na matita akayapanga kando ya njia hata kazi aliyopimiwa itimie. Utomvu wa jani huwasha ngozi, na miiba haina huruma kwa macho wala kwa miguu. Matita yalipakiwa katika vigari vya reli ndogo, yakapelekwa korona, yaani mashine kubwa ambayo magurudumu yake huponda jani na kuparuza nyama yake mpaka nyuzi zitoke peke yake, zikiwa mbichi na zenye rangi ya kijani hafifu. Nyuzi ziliogeshwa, zikaanikwa juu ya waya mpaka zikawa nyeupe kwa jua, zikapigwa brashi katika nyumba iliyojaa vumbi, zikashindiliwa marobota, na marobota yakachukuliwa kwa matishali hadi kwenye meli zilizotia nanga katika ghuba ya Tanga.

Waliofanya kazi hiyo aghalabu hawakuwa wenyeji. Wabondei, Wadigo na Wasegeju walikuwa na mashamba yao na bahari yao, na walikwenda mkongeni walipopenda tu. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu Songea, Kigoma, Unyamwezi, Ubena, Msumbiji na Ruanda-Urundi, na watu hao wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyowasafirisha maelfu kwa malori na garimoshi. Manamba aliishi kambini, akalishwa posho ya unga na maharagwe, na mshahara wake ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Alipokwisha kujifunza kila hila ya jani na ya mashine, mkataba wake ulikwisha, akarudishwa kwao, na maarifa yake yakaondoka pamoja naye. Hiyo ndiyo mali ya kwanza iliyotupwa.

Mali ya pili ilitupwa korona. Katika kila ratili 100 za jani la mkonge, nyuzi hazizidi ratili 4 au 5; zilizobaki zote ni maji na nyama ya jani, na kwa miongo mingi zilimwagwa mabondeni na mitoni, zikiharibu maji waliyokunywa watu wa chini. Mali ya tatu ilikuwa ni ufundi. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha kusokota kamba kilianzishwa Tanga, kikapeleka kamba zake Uingereza. Watengenezaji wa kamba wa huko wakapiga kelele kwa serikali yao kwamba koloni linawanyang'anya soko, na kabla ya vita vikuu vya pili kiwanda kilikwisha kufungwa. Uzi ulitakiwa utoke Tanga ukiwa uzi tu, na thamani ya kuusokota ikabaki ng'ambo.

Makosa hayo hayakuonekana kwa sababu soko liliyafunika. Mwaka 1942, Wajapani walipoteka Ufilipino na Java, mataifa yaliyopigana nao yalipungukiwa kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha lazima hata watu wakalazimishwa kwa sheria kuukata. Vita vya Korea vilipandisha bei tena, kiasi cha kuwafanya watu kuuita mkonge dhahabu ya kijani. Wafanyakazi nao hawakukaa kimya. Migomo ya miaka ya 1950, na hasa ule wa Mazinde wa mwaka 1958, iliwafundisha wenye mashamba kwamba mkono unaokata jani una sauti. Mwaka 1964 mavuno yalifika takriban tani 230,000, na hapo ndipo kilele. Kamba za plastiki zilikwisha kuingia sokoni, bei ikaanguka, na mwaka 1967 serikali ilipoyatwaa mashamba mengi ilipokea pia mashine zilizochakaa. Mwishoni mwa karne mavuno yalikuwa yameshuka hadi karibu tani 20,000, na njiani kati ya Muheza na Korogwe milingoti ilisimama katikati ya magugu.

Lakini katika anguko hilo lilizaliwa jambo ambalo utajiri haukuwahi kulizaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mashamba kama Hale, Mwelya, Magunga na Ngombezi, ardhi iligawiwa wakulima wadogo, wengi wao watu wa mkonge wa siku nyingi, ili walime wenyewe na kuleta majani yao korona. Na huko Hale, kiasi cha mwaka 2007, ulijengwa mtambo unaopokea yale yale makapi yaliyomwagwa mtoni kwa miaka mia, ukayageuza kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Mambo hayo mawili hayakuwa makubwa kwa kipimo cha fedha, wala hayakukosa mashaka yake, lakini yalithibitisha kwamba sehemu 95 za jani na mikono iliyolikata zilikuwa rasilimali tangu mwanzo. Waliokosekana ni watu wa kuzihesabu.

Basi mwenye mtaji anayeitazama Tanga leo, iwe kwa mkonge, machungwa ya Muheza, samaki au saruji, na mtawala anayempa idhini, wapime kila shauri kwa vipimo ambavyo hisabu ya zamani imekwisha kuvifanya dhahiri. Atakayefanya kazi atabaki na maarifa gani, na sehemu gani ya mali? Kitakachomwagwa kitakwenda wapi, na hakiwezi kufaa kitu? Mazao yatasokotwa hapa au yatasafirishwa yakiwa mabichi? Mradi usio na majibu ya maswali hayo, hata ukileta fedha nyingi namna gani, unarudia kazi iliyokwisha kufanywa na kushindwa katika ardhi hii hii, na mkoa una haki ya kuukataa.