Jinsi ya kupata kodi za gita zinazoufaa wimbo unaoutunga

WATUNZI wengi chipukizi huanza kazi yao kinyumenyume. Hushika gita, hupiga kodi nne walizozisikia katika wimbo uliovuma, kisha hutafuta maneno ya kubandika juu yake. Aghalabu matokeo huwa ni wimbo ambao Kiswahili chake kimevunjwa mbavu ili kitoshe mahali kisipotoshea. Mtunzi aliyekwisha kupata maneno na sauti ya kuyaimbia hana sababu ya kupita njia hiyo, kwa kuwa kodi anazozitafuta tayari zimo ndani ya wimbo wake. Kazi iliyobaki ni kuzitambua.

Kabla ya kuendelea, neno kodi lisimtie msomaji wasiwasi. Halihusiani kamwe na mwenye nyumba wala na Mamlaka ya Ushuru. Katika lugha ya wanamuziki wetu, kodi ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja na kupatana.

Hatua ya kwanza ni kuweka gita kando na kuimba. Imba ubeti mzima mara kadhaa mpaka sauti itulie, kisha uishike ile sauti ambayo wimbo unataka kumalizikia. Katika nyimbo nyingi, hiyo ndiyo do. Sasa chukua gita na uitafute sauti hiyo kwenye nyuzi mbili nene za juu, ukipandisha kidole hatua kwa hatua hadi sauti ya uzi na ya koo zilingane. Ukiipata kwenye uzi mnene kuliko zote, nafasi ya tatu, basi do yako ni G, na wimbo wako uko katika G.

Yeyote aliyewahi kuimba katika kwaya ya kanisa au ya shule hapa nchini anaijua ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti. Elimu hiyo, ambayo wapigaji gita wengi huiona ni ya wanakwaya tu, ndiyo ufunguo wa shughuli hii nzima.

Kodi tatu ndizo nguzo za wimbo. Kodi ya do ina sauti za do, mi na so. Kodi ya fa ina fa, la na do. Kodi ya so ina so, ti na re. Ukizihesabu utaona kwamba sauti zote saba za ngazi zimepata makao. Kwa hivyo, almuradi wimbo wako hautoki nje ya ngazi hiyo, hakuna sauti utakayoiimba isiyoweza kupokewa na mojawapo ya kodi hizo tatu. Katika G, kodi hizo ni G, C na D, ambazo mwanafunzi wa gita hufundishwa katika majuma ya mwanzo. Haishangazi basi kwamba nyimbo nyingi za benga, ambazo gita lake liliiga mikwaruzo ya nyatiti, huzungukia kodi tatu, wakati mwingine mbili tu, na watu wakacheza hadi alfajiri.

Sauti tano kati ya saba zina makao mamoja tu miongoni mwa kodi hizo. Ni do na so pekee zilizo na makao mawili, na hapo ndipo mtunzi anapolazimika kuchagua.

Hata hivyo, si kila silabi inayostahili kodi yake. Anayebadilisha kodi kwa kila sauti huufanya wimbo ukimbie kama mtu aliyekanyaga siafu. Swali la msingi ni wapi pa kubadilishia, na katika hili Kiswahili kina fadhila kubwa kwa mtunzi: mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo. Kodi mpya na iingie pamoja na silabi hiyo. Wimbo ambao pigo zito la gita linaangukia silabi ya mwisho ya “nyumbani” utasikika kana kwamba umeimbwa na mgeni, hata kama mwimbaji alizaliwa Lamu.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya makala haya: “Nimekuja kukuaga mama, safari yangu imewadia.” Tuseme mstari wa kwanza unapanda hivi: ni-do, me-re, KU-mi, ja-mi, ku-fa, ku-so, A-la, ga-la, MA-so, ma-so. Herufi kubwa zinaonyesha mkazo, na sauti zilizokaa penye mkazo ni mi, la na so. Mi inataka kodi ya do. La inataka kodi ya fa. So inaweza kupokewa na kodi ya do au ya so. Ipi ifaayo? Mstari haujamaliza habari. Mama bado anasubiri kuelezwa. Kodi ya so ina tabia ya kumwacha msikilizaji akingoja, kwa hiyo ndiyo inayofaa hapa. Katika G tumepata G, C na D.

Mstari wa pili unashuka: sa-mi, FA-so, ri-fa, YA-mi, ngu-re, i-mi, me-re, wa-ti, DI-do, a-do. “Safari yangu” yote inaweza kukaa juu ya kodi ya do, kwa sababu so na mi zilizo penye mkazo zimo humo, nazo fa na re ni wapita njia wasiohitaji kitanda. Katika “imewa-” sauti za re na ti zinadai kodi ya so, kisha silabi yenye mkazo ya “imewadia” inarudi nyumbani kwenye do.

Hapo wimbo umekamilika na unaweza kuimbwa. Lakini je, umesema ulichokusudia? Kurudi kwenye kodi ya do ni kama kufunga mlango kwa utulivu, na huenda msafiri huyu hana utulivu wowote moyoni. Hapa ndipo zinapoingia kodi za maina, zenye sauti ya majonzi. Kodi ya la, yaani la, do na mi, ina sauti mbili sawa na kodi ya do, hivyo inaweza kuchukua nafasi yake mara nyingi bila kuharibu uimbaji. Ukimalizia “imewadia” kwa kodi hiyo, ambayo katika G ni E maina, mwimbaji ataimba do ile ile, lakini msikilizaji atahisi kwamba safari hiyo pengine haina marejeo. Kodi ya re maina huweza kushika zamu ya kodi ya fa vivyo hivyo. Tahadhari ni moja: anayetia maina kila mahali humchosha msikilizaji kwa kilio.

Mwamuzi wa mwisho ni sikio. Kanuni zitakuonyesha kodi mbili au tatu zinazowezekana; ni wajibu wako kuzipiga zote huku ukiimba na kuchagua moja.

Zipo nyimbo zinazokataa mpango huu. Taarabu nyingi za pwani hufuata ngazi zenye asili ya Kiarabu, na anayezilazimisha ndani ya kodi tatu huzinyang’anya utamu wake. Nazo nyimbo za jadi zenye sauti tano tu, zisizo na fa wala ti, hukubali kodi nyingi kwa wakati mmoja. Huko heri kupiga chache.

Isitoshe, kodi si lazima ikwaruzwe yote kwa mpigo mmoja. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Kongo uitwao sasa Likasi, kilichosikika ni kidole gumba kikishika nyuzi nene na kidole cha shahada kikijibu kwenye nyembamba, mfano wa watu wawili wanaozungumza. George Mukabi naye, kutoka magharibi mwa Kenya, aliupa mtindo wa omutibo uhai kwa njia iliyo jirani na hiyo. Mtunzi anayepiga gita peke yake atafaidika akiwasikiliza wawili hawa kabla ya kukimbilia kodi ngumu.

Ikiwa G ni ya chini mno kwa koo lako, usibadilishe wimbo. Funga kapo, kile kibanio cha shingo ya gita, kwenye nafasi ya pili, na vidole vilevile vya G vitatoa sauti ya A.

Wapo wanaohofia kushtakiwa kwa wizi wanapogundua kwamba kodi zao zimo pia katika wimbo wa mtu mwingine. Mnamo Mei 2023, baraza la mahakama mjini New York liliamua kwamba Ed Sheeran hakukiuka hakimiliki ya “Let’s Get It On”, wimbo uliovumishwa na Marvin Gaye, ingawa mfululizo wa kodi ulifanana. Mawakili wake walishikilia kwamba mfululizo huo ni mali ya watunzi wote. Sauti ya uimbaji na maneno ni suala tofauti kabisa, hayo usiyaguse.

Mwishowe, andika herufi za kodi juu ya silabi zinapobadilikia, wala si pembeni mwa mstari, kisha ujirekodi kwa simu ukiimba ubeti mmoja. Mwenzako wa besi atahitaji vyote viwili.