Sikukuu za Nchi Takatifu na Ratiba ya Hija

Waamini wanaokusudia kuhiji Nchi Takatifu hutuuliza kwanza nauli. Sisi twawashauri watazame kwanza kalenda. Sikukuu za Kiyahudi hufuata miandamo ya mwezi, hivyo tarehe zake huhama kila mwaka. Iliyo nzito kuliko zote ni Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, iliyoamriwa katika Kitabu cha Walawi, sura ya 23. Uwanja wa ndege wa Ben Gurion hufungwa tangu alasiri ya mkesha hadi usiku wa siku ya pili, na mabasi ya Israeli hayatembei. Mwaka 2026 siku hiyo yaanza jioni ya Septemba 20. Kikundi kilichokusudia kurejea tarehe 21 mchana hakipati ndege, nacho hulipia usiku wa ziada kwa fedha ambazo wengine wamezidunduliza miaka mingi.

Sabato ya kila juma ni nyepesi zaidi: mabasi ya Yerusalemu Magharibi husimama Ijumaa alasiri hadi Jumamosi usiku, bali Bethlehemu shughuli huendelea. Basi ratiba ya Jumamosi ielekezwe huko, na wakala aithibitishe kabla parokia haijalipa malipo ya awali.