Ford ya Milango Minne, Kutoka Dagenham Hadi Mhunze

Ukisimama stendi ya Mhunze, wilayani Kishapu, utahesabu Toyota hadi uchoke. Ford ukiiona, basi ni Ranger ya mradi fulani, na Ranger ni pikapu. Gari dogo la Ford, lile la milango minne na buti nyuma, yaani sedani, ni la kusimuliwa tu.

Wa kulaumiwa kwanza ni usukani. Detroit, Marekani, iliunda magari ya usukani wa kushoto, na Tanganyika ya Mwingereza iliendesha kushoto mwa barabara. Masoko ya makoloni yakaachiwa Ford ya Kanada, iliyoanzishwa 1904, na baadaye viwanda vya Uingereza kama Dagenham. Huku kwetu magari yalifuata pamba na almasi. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson alipata almasi mwaka 1940, leo iko ndani ya Wilaya ya Kishapu. Ford waliyoijua wazee ilikuwa Consul, Zephyr, Anglia, kisha Cortina: jina la Mmarekani, mkono wa Dagenham.

Na zilikuwa na sifa zake. Mbio za Safari, zilizoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitwaliwa na Zephyr ya Vic Preston mwaka 1955. Mwaka 1964 ikashinda Cortina GT ya Peter Hughes. Gari lililomaliza Safari halikuhitaji tangazo jingine.

Baada ya Azimio la Arusha fedha za kigeni zilikuwa na kazi nyingine, na gari dogo likawa anasa. Ford iliyoheshimika mashambani ikawa trekta la buluu. Waliobaki na Cortina wakatafuta spea, wakakosa, wakayaweka magari juu ya mawe.

Mlango ulifunguliwa 1984, mwenye fedha zake za kigeni aliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na chini ya Mzee Mwinyi ukabaki wazi. Kilichoingia ni mitumba ya Japani: Corolla, Carina, baadaye Premio na IST. Usukani kulia tayari, spea hadi minadani. Mhunze ilipokuwa makao makuu ya Kishapu, wilaya ilipomegwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002, kushindana na Toyota ilikuwa kujisumbua.

Carina ya huku itazame vizuri. Imenyanyuliwa springi isikwangue tumbo, maana udongo wetu wa mbuga ukinyeshewa huganda kwenye tairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Ikifanya kazi ya mchomoko, yaani teksi ya kuchangia, kwenda Shinyanga, nyuma hukaa wanne, mbele abiria wawili kwenye kiti cha mmoja, na buti hufungwa kwa kamba kwa sababu kuna gunia la choroko. LATRA na trafiki wanajua. Abiria naye anajua kwamba akisubiri basi atachelewa. Sioni sedani ya Detroit ikidumu miezi sita katika kazi hii, ila Cortina, pengine.

Sasa hata mtumba wa Ford umekauka chanzoni. Mwaka 2016 kampuni ilifunga biashara yake Japani, na Oktoba mwaka huohuo ikaacha kuunda magari Australia, kwenye usukani kama wetu. Aprili 2018 ikatangaza kuachana na sedani Amerika Kaskazini, kwa kuwa faida ilikuwa kwenye pikapu na SUV. Fusion ya mwisho ilitoka kiwandani Hermosillo, Mexico, mwaka 2020. Mmarekani anayetaka sedani mpya ya Ford haipati dukani kwake, wakati ndugu zetu wa Maskati huuziwa Taurus iliyoundwa China, usukani kushoto.

Hata anayempenda Henry Ford kwa moyo wote, TRA itamdai ushuru wa uchakavu gari likizidi miaka 8, kisha fundi atamuuliza spea ataagiza wapi. Mwenye Carina hatamuuliza, atafungua boneti.