Mwendelezo kwa Njia ya Katuni: Mamlaka ya Kimasimulizi baada ya Kusitishwa kwa Tamthilia ya Angel, 2004–2019

1.0 Utangulizi

Mnamo Februari 2004, kituo cha televisheni cha The WB nchini Marekani kilitangaza kwamba msimu wa tano wa tamthilia ya Angel ungekuwa wa mwisho. Sehemu ya 110, iliyorushwa tarehe 19 Mei mwaka huo, iliwaacha wahusika wanne waliosalia katika uchochoro wa Los Angeles, usiku wa mvua, wakilikabili jeshi la mashetani. Angel, mnyonya damu aliyerejeshewa roho yake, anainua upanga, na picha inakatika. Miaka mitatu baadaye pambano hilo liliendelea, lakini katika vitabu vya katuni.

Insha hii inachunguza ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kilichofuata. Inahojiwa kwamba mamlaka hayo yalitegemea nguzo mbili, yaani jina la mtunzi na leseni ya uchapishaji. Kwa kuwa leseni ni kitu cha kuazima, mwendelezo wa karatasini ulibaki kuwa ukweli wa muda.

2.0 Kielelezo cha Awali

Katuni kuishi zaidi ya tamthilia iliyoizaa halikuwa jambo jipya. Dark Shadows, tamthilia ya kila siku ya kituo cha ABC iliyomfanya mnyonya damu Barnabas Collins kuwa maarufu, ilikoma Aprili 1971. Mchapishaji Gold Key, aliyekuwa ameanza kutoa katuni zake mwaka 1969, aliendelea hadi mwaka 1976 na kufikisha matoleo 35. Hata hivyo, katuni hizo zilisimulia visa vya kando. Hazikudai kushika uzi wa hadithi pale televisheni ilipouachia, na kwa hiyo suala la uhalali wake halikuwa na uzito.

3.0 Msimu Uliohamia Karatasini

Mabadiliko yalikuja Machi 2007. Joss Whedon, mtunzi wa Buffy the Vampire Slayer, tamthilia iliyomalizika mwaka 2003 baada ya misimu saba, alianza kutoa mwendelezo wake kupitia mchapishaji Dark Horse. Mwendelezo huo uliitwa Msimu wa Nane. Neno “msimu” lilikuwa na kazi ya kihistoria: lilimwambia msomaji kwamba hesabu ya televisheni haikukatika. Novemba mwaka huohuo, mchapishaji IDW alianza Angel: After the Fall, iliyoandikwa na Brian Lynch kwa kushirikiana na Whedon katika kupanga visa.

Karatasi iliondoa mipaka ya bajeti. Katika Msimu wa Nane, Dawn, mdogo wake Buffy, anageuka jitu. Wawindaji wa wanyonya damu wanakuwa jeshi lenye makao katika kasri la Uskoti. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Tamthilia ilikuwa imejengwa juu ya maisha ya kawaida yanayovamiwa na maajabu. Ajabu lilipokuwa jambo la kila ukurasa, ukawaida uliolipa uzito ulififia. Toleo la 40 lilipotoka Januari 2011, Whedon mwenyewe aliwaahidi wasomaji kwamba msimu wa tisa ungerudi karibu na maisha ya kila siku.

After the Fall ilikumbana na tatizo jingine: jinsi ya kuendeleza mwisho ambao uzito wake ulitokana na kutokamilika kwake. Katika hadithi hiyo Los Angeles nzima inatumbukizwa jehanamu. Kufikia mwisho wa matoleo yake 17, Februari 2009, wakati unarudishwa nyuma hadi uchochoroni, na mji unapona; ila wakazi wake wote wanakumbuka yaliyowapata. Kwa tafsiri ya insha hii, uamuzi huo ni ungamo la utanzu wenyewe: katuni inaweza kuongeza kumbukumbu, lakini inarudi kusimama pale televisheni ilipoishia.

4.0 Leseni Mbili, Ulimwengu Mmoja

Udhaifu wa mamlaka hayo ulionekana wazi katika mgawanyo wa leseni. Mwaka 2010, Dark Horse ilifichua kwamba adui aliyevaa barakoa katika Msimu wa Nane alikuwa Angel, ilhali IDW ikiendelea kuchapisha visa vyake vingine. Msomaji aliachiwa kazi ya kupatanisha Angel wawili. Leseni zilipounganishwa chini ya Dark Horse mwaka 2011, mhusika alipata tena wasifu mmoja. Hapa, mkataba wa kibiashara ndio ulioamua mpangilio wa matukio.

Mfano wa The X-Files unathibitisha hali hiyo. IDW ilianza kuchapisha “msimu wa kumi” mwaka 2013, Chris Carter, mtunzi wa tamthilia, akihusishwa. Januari 2016 tamthilia ilirejea kwenye televisheni ikiwa na msimu wake wa kumi, na ule wa katuni haukuhesabiwa tena.

5.0 Hitimisho

Msimu wa kumi na mbili wa Buffy ulifunga mwendelezo huo mwaka 2018. Leseni ikahamia BOOM! Studios, na Januari 2019 mchapishaji huyo akaianza hadithi upya, Buffy akiwa tena msichana wa shule ya sekondari. Miaka kumi na mmoja ya mwendelezo haikukanushwa; iliachwa tu. Mtafiti anayeziona katuni hizi kama nyongeza ya televisheni atapitwa na jambo la msingi: zinadhihirisha kwamba katika masimulizi yanayomilikiwa na kampuni, mwisho wa hadithi hupangwa na mwenye haki ya kuichapisha, hata pale ambapo mtunzi bado anashika kalamu.