Kuvu za Mizizi na Fosforasi Shambani

Maikoriza ni ushirika baina ya mizizi ya mmea na kuvu zinazoishi udongoni. Jina hilo lilitolewa na mwanasayansi Mjerumani, Albert Bernhard Frank, mwaka 1885.

Mmea hauwezi kuotesha mizizi wala kuzaa vizuri bila fosforasi. Taabu ni kwamba fosforasi haisafiri na maji kwa wepesi. Hung'ang'ania chembe za udongo. Mzizi humaliza ile iliyo milimita chache tu kutoka ulipo, kisha hubaki na njaa ilhali chakula ki jirani. Hapo ndipo kuvu husaidia. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hufika sentimita kadhaa mbele ya mzizi na kuileta fosforasi. Mmea nao huzilipa kwa sukari.

Muhogo, ambao mizizi yake ni michache na minene, hutegemea mno ushirika huu. Ni sababu moja ya kustahimili udongo uliochoka. Mahindi na kunde pia hufaidika. Kabeji na sukuma wiki hazina ushirika huo.

Basi ndugu mkulima, pima udongo kabla ya kununua mbolea ya DAP. Fosforasi ikizidi, mmea hupunguza kuzilisha kuvu. Kulimalima ovyo hukata nyuzi zake, na konde likikaa tupu muda mrefu hukosa chakula. Lakini tusidanganyane: kuvu haziumbi fosforasi, huichota tu. Tukivuna kila mwaka bila kurudisha samadi, kisima hicho nacho kitakauka.