Ada ya Huduma

Neno hoteli lina maana mbili katika Kiswahili chetu, na maana hizo haziketi meza moja. Ya kwanza ni ile ya mtaani: chumba chenye mabenchi, birika la chai, chapati zilizofunikwa na sahani za wali na maharage. Mtu husema anakwenda hotelini, na kila anayemsikia huelewa kwamba anakwenda kula, wala hakuna anayefikiri kwamba atalala huko. Maana ya pili ni lile jengo refu lenye mlinzi mlangoni, ambamo meza zimetandikwa vitambaa vyeupe na visu vimepangwa kwa ukubwa wake kama askari wa gwaride.

Nimekula katika zote mbili kwa miaka mingi, na nimeudhika katika zote mbili. Lakini maudhi yenyewe hayafanani. Kwa mama ntilie, wali ukiwa na mchanga, mtu hulalamika waziwazi. Mama hucheka au hununa, huongeza mchuzi, na mambo yakaisha. Katika ile hoteli kubwa, samaki akija baridi na mhudumu akapita bila kugeuka, mtu hurudi nyumbani na uchungu mkubwa kuliko samaki. Nimejiuliza mara nyingi uchungu huo hutoka wapi. Jibu nililolipata halimo jikoni. Limo katika historia.

Mkahawa wa aina hii, wenye meza ya faragha na orodha ya vyakula pamoja na bei zake, si jambo la kale sana. Ulizaliwa mjini Paris katika miaka ya 1760. Kabla ya hapo, msafiri aliyefika mjini alikula katika nyumba ya wageni, kwenye meza moja ndefu pamoja na watu asiowajua, kwa saa aliyoipanga mwenye nyumba, chakula kile kile kilichopikwa siku hiyo. Mwenye mkono mrefu ndiye aliyeshiba. Neno restaurant mwanzoni halikuwa jina la mahali bali la supu: mchuzi mzito wa nyama uliochemshwa kwa muda mrefu ili kumrudishia nguvu mtu aliyedhoofika. Sisi wa pwani hatuna haki ya kulishangaa jambo hilo, maana hata leo wapo wanaodamka kuitafuta supu ya pweza au ya kongoro kwa sababu hiyo hiyo. Mathurin Roze de Chantoiseau anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuza supu hizo kwa namna mpya: mteja alikuja saa aliyotaka, akakaa meza yake mwenyewe, akachagua, na akajua mapema atalipa nini.

Miaka ya 1780 Antoine Beauvilliers, aliyekuwa amefanya kazi katika nyumba ya ndugu wa mfalme, alifungua mkahawa uliopambwa kama makao ya wakubwa. Mapinduzi ya 1789 yalipowatawanya makabaila, wapishi wengi walibaki bila mabwana, na baadhi yao wakawapikia watu wote wenye fedha. Hapo ndipo ilipokamilika ahadi ya mkahawa wa fahari. Ahadi hiyo ilisema: ukilipa, kwa saa mbili utakuwa bwana, hata kama jana ulikuwa muuza vitambaa na kesho utakuwa muuza vitambaa tena. Ilikuwa ahadi ya usawa na ya ubwana kwa pamoja. Kila mtu angeweza kuwa bwana, mradi kuwe na mtu wa kumtumikia.

Na huyo mtu wa kumtumikia, je? Historia yake haiandikwi katika orodha ya vyakula. Mwaka 1889 Savoy ilifunguliwa London, na César Ritz pamoja na mpishi Auguste Escoffier wakaifanya kuwa mfano wa hoteli kubwa duniani. Escoffier alilipanga jiko kama kikosi cha jeshi: huyu wa michuzi, huyu wa samaki, huyu wa vitu vitamu, kila mmoja na mkubwa wake. Tangu wakati wao tumezoea kuamini kwamba huduma bora ni huduma isiyoonekana mkono unaoitoa. Lakini Machi 1898 wote wawili walifukuzwa Savoy kwa tuhuma za udanganyifu, na baadaye Escoffier alikiri kwa maandishi kwamba alipokea fedha kutoka kwa waliokuwa wakiiuzia hoteli bidhaa. Mwaka 1907 wahudumu wa mikahawa ya Paris waligoma. Walidai siku ya kupumzika kila juma, na walidai pia ruhusa ya kufuga masharubu, kwa kuwa waliamriwa kunyoa wasije wakafanana na mabwana waliowahudumia. George Orwell, aliyeosha vyombo katika hoteli moja ya Paris na kuandika habari zake mwaka 1933, ameeleza jinsi mlango mmoja tu ulivyotenganisha ukumbi wa wageni unaong'aa na jiko lenye uchafu na matusi. Mhudumu aliyekuwa akifoka upande huu alipita mlango ule akawa mtu mwingine, mpole kama padri.

Kwa hiyo huko ulikozaliwa, mkahawa wa fahari ulikuwa na dosari tangu mwanzo: ubwana wa mgeni ulikopwa mgongoni mwa mhudumu. Hata bakshishi ina sura hiyo. Wafaransa huiita fedha ya kinywaji, nasi huiita fedha ya soda au ya chai. Lugha mbalimbali zimekubaliana kuificha aibu moja, kwamba mtu huyu halipwi mshahara wa kumtosha.

Kwetu ahadi ile ilifika ikiwa imevunjika. Si kwamba wageni walitukuta hatujui meza. Meza tuliipata kwa Wareno, neno na chombo, karne kadhaa nyuma, mvinyo pia. Sahani na kahawa tulizipata kwa Waarabu, chapati na biriani kutoka Bara Hindi, na vyote tukavifanya vyetu bila kuona haya. Lakini hoteli kubwa ya mkoloni haikuja kutukaribisha mezani. Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1904, na kwa sababu ya walowezi wenye vyeo waliokunywa pale ikabandikwa jina la Baraza la Makabaila. Mwafrika aliingia ukumbini akiwa amevaa kanzu nyeupe, kofia nyekundu na mshipi kiunoni, amebeba sinia. Hata angekuwa na fedha mfukoni, asingeketi. Paris ilikuwa imesema kwamba fedha inatosha. Nairobi ikasema haitoshi, inatakiwa ngozi pia. Na lugha iliyotumika ukumbini ilikuwa Kiswahili kilichokatwa mikia, kile tulichokiita Kisetla: lete, ondoa, ngoja, upesi. Ni Kiswahili kisicho na tafadhali, na mtu mzima wa makamo aliitwa boi.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Milango ya hoteli ikafunguliwa. Tanzania ilijenga hoteli zake yenyewe kwa fedha za umma, na Kilimanjaro, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, ilikuwa fahari ya taifa. Lakini swali la heshima halikufunguka pamoja na milango. Mwaka 1970 kulizuka Dar es Salaam mjadala mkali magazetini: je, nchi inayojenga ujamaa ifundishe vijana wake kuinama mbele ya watalii? Makala za mjadala huo zilikusanywa katika kitabu alichohariri Issa Shivji mwaka 1973. Kenya ilifuata njia yake, na mwaka 1975 chuo cha Utalii kikaanza kufundisha kazi za hoteli kwa msaada wa Uswisi. Upande mmoja uliogopa utumwa, upande wa pili ulitafuta ufundi. Nionavyo mimi pande zote mbili zilikuwa na hoja, na zote ziliacha swali moja pembeni: kijana huyu anayefundishwa kutabasamu, anafundishwa kumtabasamia nani?

Jibu nililiona mwaka 1994, katika hoteli moja ya mji wa pwani. Jina lake silitaji, kwani haikuwa peke yake. Nilikuwa nimemwalika mjomba wangu, mzee ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa mtumishi wa meza katika hoteli ya walowezi huko bara. Alikuwa amebeba sahani maelfu kwa maelfu katika kumbi za namna ile, na hakuwahi hata siku moja kuketi. Alivaa koti lake la harusi na kofia ya mkono.

Kijana mhudumu alitusalimu kwa Kiingereza. Mjomba akamjibu, "Marahaba, mwanangu," kama aliyepewa shikamoo yake kamili. Kijana akatahayari kidogo, akatupeleka kwenye meza iliyo karibu na mlango wa jikoni. Niliuliza habari za meza ya dirishani, ielekeayo bahari. Akanionyesha kikadi: imewekewa watu. Nusu saa baadaye waliingia watalii wawili wenye kaptura na ndala. Kijana akakiondoa kile kikadi, akawavutia viti.

Tulisubiri saa nzima. Tuliagiza samaki wa siku, aliyeandikwa kwa jina refu la Kifaransa, na bahari tuliisikia ikipiga ukuta. Akaja nguru aliyeungua kingo, katikati ana barafu, amelala katika mchuzi wa unga. Mjomba alionja, akaweka uma chini, akasema, "Samaki huyu amesafiri kuliko mimi."

Nilinyanyua mkono kumwita kijana. Mjomba akaushusha. "Ngoja kwanza, mpwa wangu. Mtazame viatu." Nikatazama. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi vizuri juu, na soli ya kimoja ilikuwa imefunguka kama mdomo. Alipokuja, mjomba hakumwuliza habari za samaki. Alimwuliza kwa sauti ya chini, "Umekula, mwanangu?" Kijana akatazama nyuma yake. "Sisi tunakula saa nne usiku, mzee, wageni wakishaondoka." Hesabu ilipoletwa, chini kabisa kulikuwa na asilimia 10, ada ya huduma. Mjomba akaiwekea kidole. "Hii mnagawana?" Kijana akajibu kwa maneno mawili: "Hatuioni, mzee."

Ndipo mjomba akaomba kuonana na mkubwa wa ukumbi. Alikuja mwananchi mwenzetu mwenye tai. Mjomba akamweleza mambo matatu, polepole, kwa Kiswahili chenye tafadhali zote: meza ya dirishani, samaki, na ada ya kijana. Yule bwana aliomba radhi sana kwa ajili ya samaki, na akaifuta bei yake papo hapo. Juu ya meza hakusema kitu. Juu ya ada ya kijana hakusema kitu. Samaki alikuwa na bei, kwa hiyo aliweza kufutwa. Yale mengine mawili hayakuwa na mstari wake katika karatasi ile.

Tukiwa njiani mjomba aliniambia kwamba zamani hizo alifundishwa kazi kwa wiki mbili, na wiki ya kwanza yote haikuhusu sahani. Ilihusu mlango: kumtambua aingiaye, nani wa dirishani, nani wa pembeni, nani wa kurudishwa. "Somo lile," alisema, "walimu wake walikwisha kwenda kwao. Sijui ni nani aliyemfundisha huyu kijana." Alisema hivyo bila hasira, kama fundi anayeiona kazi ya mikono yake mwenyewe katika nyumba ya mtu mwingine.

Mjomba amekwisha kufariki, na mambo mengi yamebadilika tangu mwaka ule. Hata hivyo naona kwamba alinigawia maudhi ya mezani katika mafungu mawili, na mgawanyo huo umenisaidia. Chakula kibaya ni kosa la siku moja. Mpishi aweza kulisahihisha kesho asubuhi, na mteja ana haki ya kulisema bila kuona haya. Lakini huduma inayompima mgeni kwa sura yake si kosa la siku moja. Ni somo lililopokewa, likapita kutoka kwa bwana hadi kwa mtumishi na kutoka mtumishi hadi mtumishi, mpaka likabaki bila mwenyewe. Anayelitenda mara nyingi ndiye wa kwanza kuumizwa nalo, kwani kila siku anafundishwa kumdharau mtu anayefanana na baba yake.

Wahenga wetu walisema heshima si utumwa. Nafikiri waliutambua mpaka ambao hoteli kubwa, tangu Paris hadi kwetu, zimeshindwa kuuona. Mama ntilie hunijazia sahani na kuniita mwanangu, na hakuna kati yetu anayekuwa bwana wala boi. Jina lake lenyewe ni ombi la mtu mwenye njaa kwa mama. Sidai kwamba hoteli ya vitambaa vyeupe igeuke kuwa kibanda chake. Kila mahali pana desturi zake. Nadai mambo matatu tu yanayowezekana: aliyetangulia kuingia atangulie kuketi, anayebeba chakula awe amekula, na fedha iliyoandikwa kwamba ni ya huduma imfikie aliyehudumu. Hayo yakitimizwa, samaki akija baridi nitamrudisha jikoni, naye atapashwa moto, na nitarudi nyumbani nikiwa na uchungu wa samaki peke yake.